Mbung'o Waliomwagwa Kutoka Angani: Mkulima na Jambo la Mionzi

Kama jirani yako angekuambia kwamba kuna watu wanaofuga mbung'o kwa maelfu, wakiwalisha damu na kuwatunza kama vifaranga, kisha wakiwapakia katika eropleni na kuwamwaga juu ya malisho ya ng'ombe, bila shaka ungemwona ana wazimu. Mbung'o, ambaye wengi wetu humwita ndorobo, ni adui mkubwa wa mfugaji. Kazi yetu ni kumwua, si kumfuga. Lakini jambo hilo lilitendeka kweli, tena si mbali na kwetu. Lilitendeka katika kisiwa cha Unguja, tangu mwezi wa Agosti mwaka wa 1994 hata Desemba mwaka wa 1997. Wala mwisho wake haukuwa ng'ombe kuisha. Walioisha ni mbung'o.

Siri ya kazi hiyo ni kwamba mbung'o wale walikuwa wamepigwa mionzi. Neno hili mionzi huwatia watu wengi hofu, na hofu hiyo ina sababu zake. Lakini hofu ya mtu asiyejua humfanya akimbie kisicho na madhara, na kukumbatia kile kitakachomwua. Basi katika makala haya tutaeleza mionzi ni kitu gani, inadhuru kwa njia gani, na imemsaidiaje mkulima. Zaidi ya hayo tutaonyesha tofauti moja ambayo kila mwenye shamba na mifugo yampasa kuijua.

HASARA YA NAGANA

Wafugaji wa sehemu zenye vichaka na misitu hawahitaji kufundishwa habari za nagana. Ng'ombe huanza kukonda ijapokuwa malisho yapo. Manyoya husimama, macho hutoka machozi, damu hupungua mwilini, maziwa hukauka, na majike hutupa mimba. Asipotibiwa, mara nyingi hufa. Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo mno viishivyo katika damu, navyo huchukuliwa na mbung'o kutoka mnyama mmoja hata mwingine anapofyonza. Katika sehemu nyingine za Afrika vijidudu vya jamii hiyo huwapata watu pia, nao huugua malale.

Huko Unguja aliishi mbung'o wa aina moja tu, ambaye wataalamu humwita Glossina austeni. Alijificha katika misitu na vichaka, kama msitu wa Jozani, akawasumbua ng'ombe wa wakulima wa jirani. Hapo mkulima aliyetaka kuweka ng'ombe wa maziwa wa kisasa alikuwa anajitafutia hasara, kwa kuwa ng'ombe wa namna hiyo hawawezi kustahimili nagana.

Njia za kumpiga vita mbung'o zilikuwa zinajulikana: kuwatia ng'ombe dawa, kutundika vitambaa vilivyotiwa dawa ya kuua wadudu, na kutega mitego. Njia hizi ni nzuri, na huwapunguza mbung'o sana. Lakini kupunguza si kumaliza. Wakibaki wachache ndani ya msitu, na watu wakilegea kidogo, wale wachache huzaa, na baada ya muda kazi inaanza upya. Ni kama kupalilia shamba lenye ndago na kuacha vitunguu vyake ardhini.

MIONZI NI KITU GANI?

Kuna nguvu nyingine ambazo husafiri kama nuru, lakini jicho haliwezi kuziona, sikio halizisikii, wala pua hainusi harufu yake. Mojawapo ni ile itumiwayo hospitalini kupigia picha ya mifupa, yaani eksirei. Nyingine ni mionzi ya gama, ambayo hutoka katika madini fulani kama kobalti ya namna ya pekee na sesiamu. Mionzi hii hupenya nyama na mbao, hata ukuta. Ili kuizuia, hapana budi kuweka risasi nzito au zege nene.

Wala tusidhani kwamba mionzi ni kitu kigeni kilicholetwa na viwanda tu. Tangu zamani watu wameishi nayo. Kidogo hutoka juu angani, kidogo hutoka katika mawe na udongo, na kidogo kimo ndani ya chakula chetu. Pengine hapa kwetu ardhi yenyewe huwa na mionzi mingi kuliko kawaida. Mfano ni Mlima Mrima katika Kwale, ambao mawe yake yana madini ya thoriamu. Picha moja ya kifua ya eksirei humpa mtu mionzi isiyozidi ile aipatayo kutoka katika ardhi na anga kwa muda wa wiki mbili hivi.

Basi mionzi inadhuru kwa njia gani? Mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya kila seli mna maagizo ya uhai, ambayo ndiyo hufanya ndama afanane na mama yake, na punje ya mahindi izae mahindi wala si mtama. Mionzi ikipita katika seli huweza kuyakata maagizo hayo. Ikiwa ni michache, mwili huweza kujitengeneza. Ikiwa ni mingi, seli hufa, au hubaki hai na kosa ndani yake, na kosa hilo huenda likaota saratani baada ya miaka mingi. Mwaka wa 1927 mtaalamu wa Marekani, Hermann Muller, alionyesha kwamba inzi wadogo wa matunda waliopigwa eksirei hupata makosa katika mbegu yao, na makosa hayo huwarithi watoto wao. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1946.

Jambo la kukumbuka ni hili: seli ambazo zinagawanyika upesi ndizo zidhuriwazo kwanza. Katika mwili wa mtu, hizo ni seli za mafuta ya mifupa yatengenezayo damu, za matumbo, za mtoto aliye tumboni mwa mama yake, na za mbegu za uzazi. Ndiyo sababu ya kumwogopea mama mjamzito na mtoto kuliko mtu mzima.

Kwa ajili hiyo hiyo mbung'o akashindwa.

KAZI YA UNGUJA

Mbung'o mzima ameshamaliza kukua. Seli za mwili wake hazigawanyiki sana, ila zile za uzazi. Kwa hiyo mtaalamu akimpiga mionzi kwa kipimo kilichochaguliwa vizuri, dume hubaki na nguvu za kuruka na kutafuta jike, lakini mbegu yake imeharibika. Kwa mbung'o wa Unguja kipimo hicho kilikuwa grei 120. Grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini. Ili msomaji apate kuelewa ukubwa wake, mtu akipigwa mwili mzima kiasi cha grei 4 kwa mara moja, naye asipate matibabu, huenda akafa.

Sasa tuangalie tabia ya mbung'o. Hazai ovyo kama inzi wa jikoni. Jike hulea funza mmoja tu tumboni mwake, akamzaa baada ya siku tisa au kumi hivi, na funza huyo hujichimbia udongoni. Tena kwa kawaida jike hupandwa mara moja tu maishani, kisha huiweka akiba ile mbegu ya dume na kuitumia siku zake zote. Basi jike aliyepandwa na dume aliyepigwa mionzi ameharibikiwa kabisa. Mayai yake hushika, lakini mtoto hufa kabla ya kukua. Huishi, hufyonza, huzeeka na kufa bila kuacha mzao.

Kazi hiyo ilifanywa na Serikali ya Tanzania na ya Zanzibar pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mbung'o walifugwa Tanga katika kituo cha utafiti wa mbung'o, wakiwekwa ndani ya vizimba na kulishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba mfano wa ngozi. Madume yalitengwa, yakapigwa mionzi, yakapelekwa Unguja ndani ya katoni ndogo. Mara mbili kwa juma eropleni ndogo iliruka juu ya kisiwa ikifuata mistari iliyopimwa, mmoja mbali na mwingine kilometa 1 au 2, ikizidondosha katoni hizo. Jumla ya madume waliomwagwa ilizidi 8,500,000.

Lakini kwanza watu walifanya kazi ya kawaida. Ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni, na katika sehemu za msitu vikatundikwa vitambaa vyenye dawa, hata mbung'o wa porini wakapungua. Hii ilikuwa lazima, maana hesabu yenyewe ni rahisi. Ikiwa madume wa porini ni 1,000 nawe umemwaga 1,000, nusu ya majike watapata dume mzima na kuendelea kuzaa. Lakini ikiwa kwa kila dume mmoja wa porini wako 50 waliopigwa mionzi, jike mmoja tu kati ya 51 hivi ndiye atakayepata mbegu njema. Huko Unguja hesabu ya 50 kwa 1 ilifikiwa katikati ya mwaka wa 1995, na kabla ya mwaka kwisha ikapita 100 kwa 1.

Wataalamu waliwapasua majike waliokamatwa katika mitego ili kutazama matumbo yao. Mwanzoni mwa 1994, katika kila majike vijana 100 hawakufika 25 waliokuwa na yai lililokufa au tumbo tupu. Mwishoni mwa 1995 walikuwa zaidi ya 70. Waliobaki porini walikuwa vikongwe wasio na warithi. Dume wa mwisho wa porini alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka wa 1996, na jike wa mwisho mwezi wa Septemba. Hata hivyo kazi haikuachwa. Madume waliendelea kumwagwa zaidi ya mwaka mmoja, muda wa kutosha vizazi sita vya mbung'o, kusudi pasiwe na shaka.

Wazo hili halikuanzia Unguja. Wataalamu wawili wa Marekani, Edward Knipling na Raymond Bushland, walilitumia juu ya inzi ambaye funza wake hula nyama hai katika vidonda vya mifugo. Mwaka wa 1954 walimwondoa katika kisiwa cha Curaçao kwa kutumia mionzi ya kobalti. Inzi huyo huyo alipoingia Libya mwaka wa 1988, alimalizwa kwa madume walioletwa kwa ndege kutoka Meksiko. Lakini kuna funzo lingine. Huko Amerika ya Kati, ambako alikuwa amekwisha kuondolewa, alionekana tena kwa wingi tangu mwaka wa 2023, na mwaka wa 2024 akafika tena Meksiko. Adui aliyefukuzwa huchungulia mlango. Mlinzi akilala, hurudi.

Pia tusijidanganye kwamba lililowezekana Unguja litawezekana kesho katika kila bonde la Kenya. Unguja ni kisiwa, bahari ni ua wake, na mbung'o alikuwa wa aina moja. Huku bara kuna aina kadha wa kadha, na mbung'o wa pori moja huingia pori jingine bila kuomba ruhusa. Hata hivyo njia hii imetumika pia bara, katika eneo la Niayes karibu na Dakar, Senegal. Huko nako ilianza kwa mitego na dawa, ndipo madume wakafuata.

KUOTA MOTO NA KUBEBA KAA

Mkulima mwenye akili atauliza: "Mbung'o waliopigwa mionzi wanaruka juu ya ng'ombe wangu. Je, hawaleti mionzi hiyo katika maziwa na nyama?"

Hili ni swali jema, na jibu lake ndilo moyo wa makala haya. Hawaileti. Mtu aliyeota moto usiku amepata joto lake, hata pengine ameungua, lakini akiondoka hapo hawezi kuunguza nyumba ya jirani, kwa sababu hakubeba moto wowote. Nguo iliyoanikwa juani haigeuki kuwa jua. Vivyo hivyo mbung'o aliyepigwa mionzi ya gama amepitiwa na ile nuru, ikamdhuru, ikapita. Hakuna kilichobaki mwilini mwake cha kumdhuru mtu mwingine. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei naye huenda nyumbani na kumpakata mtoto wake bila hofu.

Lakini yuko mtu mwingine, ambaye hakuota moto tu, bali amechukua kaa lenyewe akaliweka mfukoni. Huyo kila aendako anaunguza. Madini yenyewe yatoayo mionzi ni kaa. Yakisagika kuwa vumbi, yakaingia katika hewa, majani, maziwa au nguo, yanaendelea kutoa mionzi yake mpaka yapoe yenyewe. Mengine hupoa kwa siku chache, mengine kwa miaka mingi, wala hakuna maji yawezayo kuyazima.

Basi kila usikiapo habari za mionzi, uliza kwanza: hii ni nuru iliyopita, au ni kaa linalobebwa?

NURU: MBEGU ZA NGANO

Wakulima wa ngano wa Kenya wamekwisha kuonja faida ya nuru hii. Mbegu za ngano hupigwa mionzi, kisha hupandwa. Nyingi hutoka dhaifu kuliko mama yao, nazo hutupwa. Lakini katika maelfu, huenda ukatokea mmea mmoja ambao maagizo yake yamebadilika kwa heri: unastahimili ukame, au haushikwi na ugonjwa. Mtaalamu huuchagua huo, akaupanda tena na tena kwa misimu mingi, akiupima, hata awe na hakika. Ndivyo ilivyopatikana ngano ya Njoro BW1, iliyotolewa mwaka wa 2001 kwa sehemu zenye mvua haba.

Kadhalika, ulipotokea ugonjwa wa kutu ya shina wa namna mpya, uliogunduliwa Uganda mwaka wa 1998 na kupewa jina la Ug99, ngano nyingi zilizokuwa zikitegemewa zilishindwa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Eldoret wakatumia mionzi kupata mbegu zenye kustahimili kutu hiyo, nazo ni Eldo Ngano 1 na Eldo Mavuno. Unga wa ngano hizo hauna mionzi hata kidogo zaidi ya unga mwingine. Ni nuru iliyopita, ikaacha mbegu njema.

KAA: MAZIWA NA KONDOO

Sasa tutazame upande wa pili. Tarehe 26 Aprili mwaka wa 1986, mtambo wa umeme wa nguvu za atomiki ulipasuka na kuwaka moto huko Chernobyl, nchini Ukraini, ambayo siku hizo ilikuwa sehemu ya Muungano wa Sovieti. Vumbi lake lilipanda angani, upepo ukalichukua, mvua ikalishusha juu ya mashamba ya nchi nyingi.

Katika vumbi hilo mlikuwa na ayodini yenye mionzi. Nguvu yake hupungua nusu kwa kila siku 8, kwa hiyo haidumu sana. Lakini ng'ombe hakungoja. Alikula majani, na ayodini ikaingia katika maziwa. Watoto wakanywa maziwa. Mwili wa mtu hukusanya ayodini katika tezi iliyo shingoni, ile ambayo ikivimba huitwa rovu, na tezi ya mtoto ni ndogo, kwa hiyo mionzi mingi ilikusanyika mahali padogo. Kufikia mwaka wa 2005 watu zaidi ya 6,000 ambao wakati wa ajali walikuwa watoto au vijana katika Belarus, Ukraini na sehemu za Urusi walikuwa wameonekana na saratani ya tezi hiyo, na sehemu kubwa ya madhara hayo ilitokana na maziwa. Wengi walitibiwa wakapona. Lakini mfugaji na akumbuke kwamba kama ng'ombe wangelishwa majani makavu ya akiba, na watoto wakanyimwa maziwa yale kwa majuma machache, wengi wasingeugua. Kilichokosekana ni habari ya mapema.

Kaa jingine lilikuwa sesiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kwa muda wa miaka 30. Hii ilianguka hata katika milima ya Uingereza, Wales na Scotland, zaidi ya kilometa 2,000 kutoka Chernobyl. Udongo wa mfinyanzi huishika sesiamu isipande katika majani. Lakini udongo wa milima ile ni mweusi, wa majani yaliyooza, wenye uchachu, nao huiachia kila mwaka iingie katika nyasi. Mwanzoni mashamba zaidi ya 9,000 na kondoo zaidi ya 4,000,000 waliwekewa amri: hapana ruhusa kuwauza kabla ya kupimwa. Mfugaji aliyekuwa na kondoo waliozidi kipimo aliwapaka rangi wajulikane, akawateremsha bondeni kwenye majani safi. Baada ya majuma machache sesiamu ilitoka mwilini kwa mkojo na mavi, na nyama ikafaa kuliwa. Huko Norwei wafugaji waliwapa wanyama rangi ya buluu ya namna fulani katika chumvi ya kulamba. Rangi hiyo huishika sesiamu tumboni isiingie katika nyama na maziwa.

Amri ya mwisho ya Wales na Cumbria iliondolewa mwaka wa 2012. Moto uliwaka kwa siku kumi hivi, lakini mfugaji aliyekuwa mbali nao aliubeba mzigo wake kwa miaka 26.

UNGA ULIONG'AA GIZANI

Huenda msomaji akasema: "Kwetu hakuna mtambo kama huo. Kaa litatoka wapi?" Basi na asikie habari ya mji wa Goiânia, nchini Brazili.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1987 watu wawili waliingia katika jengo la hospitali lililoachwa, wakakuta mashini ya zamani ya kutibu saratani. Waliona chuma kizito, nao wakafikiri juu ya fedha. Wakakifungua, wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu, ambao usiku ulitoa mwanga wa buluu. Mwenye duka akapendezwa, akawaita jamaa na rafiki waje kuutazama. Wengine waliupaka mwilini kama mapambo. Mtoto mmoja wa kike aliucheza, kisha akala chakula kwa mikono ile ile.

Watu wakaanza kutapika na kuungua ngozi. Hakuna aliyejua sababu, hata mama mmoja alipokuwa na shaka juu ya kile chuma akakipeleka kwa wakuu wa afya. Watu wapatao 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na vumbi lile mwilini au katika nguo zao. Wanne walikufa, mmoja wao ni yule mtoto, na mwingine ni yule mama aliyewaokoa wengi. Nyumba zilibomolewa, na udongo ukachimbwa na kuchukuliwa. Yote hayo yalitokana na unga usiozidi gramu 100.

Ndugu Mkulima, chuma cha namna hiyo chaweza kutupwa katika nchi yo yote. Mionzi hutumika katika hospitali, katika viwanda, na katika kupima barabara na mabomba. Vyuma vyake hukaa ndani ya risasi nzito, na risasi ina bei, na mtu mwenye njaa hutazama bei.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, ijue alama ya mionzi: duara ndogo na mapanga matatu kuizunguka, mara nyingi nyeusi juu ya rangi ya manjano. Wafundishe watoto na wachungaji wako.

Pili, ukikuta chuma chenye alama hiyo, au chuma kidogo chenye uzito wa ajabu kilichofungwa sana, usikiguse, usikifungue, usikiuze. Ondoka, wazuie watu na mifugo, nawe umpashe habari chifu au polisi upesi. Mamlaka ya nchi ya kusimamia mionzi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka wa 2019, ndiyo yenye vyombo vya kupimia.

Tatu, daktari akiagiza picha ya eksirei usikatae kwa hofu, maana faida yake ni kubwa kuliko hatari yake. Lakini usiiombe bila sababu. Mama aliye na mimba, au anayedhani anayo, na amwambie mpiga picha kabla ya kupigwa.

Nne, ikitokea ajali ya mionzi na Serikali ikatoa amri juu ya maziwa au malisho, itii siku ile ile. Walishe ng'ombe majani ya akiba yaliyofunikwa. Siku chache za kwanza ndizo zenye hatari kubwa kwa watoto.

Tano, usingoje eropleni ije kumwaga madume. Mbung'o wa leo atauma leo. Waogeshe ng'ombe au uwamwagie dawa kama Bwana Mifugo akuelezavyo, nawe utege mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi. Huko Nguruman wafugaji walijifunza kuwavuta mbung'o katika mitego kwa harufu ya mkojo wa ng'ombe, kitu ambacho hakinunuliwi dukani. Tega pamoja na jirani zako, kwani mbung'o hajui mpaka wa shamba.

Mionzi haina huruma wala chuki. Ile iliyoua mbegu ya mbung'o wa Unguja ndiyo hiyo iliyomwua mtoto wa Goiânia. Tofauti ilikuwa kwa watu. Tanga ilikaa nyuma ya kuta nene, mikononi mwa watu waliojua kipimo chake. Goiânia iliachwa bila mlinzi, ikang'aa gizani, na watu wakadhani ni kitu kizuri.